Baa Ndogo za Mvinyo za Venice

Bacaro ni baa ndogo ya mvinyo ya mji wa Venice, Italia. Mnywaji hupewa glasi ndogo, ombra, pamoja na kitafunio cha kuliwa kwa mkono, cicchetto. Nyingi ni chumba kimoja chembamba ndani ya uchochoro. Watu husimama kwenye kaunta, na wakizidi hutoka nje na glasi zao. Mgeni huweza kuupita mlango mara kadhaa asijue kama ndani panauzwa kitu.

Chimbuko lake ni kazi. Soko la Rialto liliamka kabla ya mapambazuko, na ilipofika saa tatu asubuhi wachukuzi, wauza samaki na wapiga makasia walikwisha kuona njaa. Mvinyo wa bei nafuu uliletwa kwa mapipa kutoka Puglia, kusini. Chakula kilikuwa cha mtu wa kipato kidogo: wengu, utumbo, kano za ndama, soseji ya nguruwe ya kuchemsha, nusu yai lenye dagaa wa chumvi juu yake. Sardini waliokaangwa, kisha wakalazwa katika vitunguu na siki, ni urithi wa mabaharia, kwa kuwa siki iliwahifadhi kwa siku kadhaa za safari.

Kitafunio mashuhuri kuliko vyote kimetoka mbali zaidi. Mwaka 1431 nahodha Pietro Querini aliondoka Krete na shehena ya mvinyo akielekea Flanders. Dhoruba ikamtupa kaskazini, na mwanzoni mwa 1432 yeye na wenzake waliosalia hai wakaokolewa na wavuvi wa kisiwa cha Røst, Norwe. Huko walikuta samaki aina ya chewa wakianikwa kwenye upepo wa baridi bila chumvi, hadi wakawa wagumu kama gogo. Simulizi za mji humpa Querini sifa ya kuwajulisha Waveneti samaki huyo. Hupondwa, hulowekwa siku mbili tatu kwa maji yanayobadilishwa, huchemshwa, kisha hupigwa kwa mwiko huku mafuta ya zeituni yakitiririshwa kidogo kidogo mpaka nyama iwe laini na nyeupe. Hupakwa juu ya kipande cha polenta ya kuchoma, ambayo Mswahili akiiona ataiita ugali, wala hatakosea.

Kilichozibadili baa hizi ni watu kuhama. Mwaka 1951 kitovu cha Venice kilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 idadi ilishuka chini ya 50,000. Wafanyakazi walihamia bara, ambako nyumba ni nafuu, na meza za wauzaji Rialto zikapungua. Baadhi ya baa hizo zilifungwa, nyingine zikageuka mikahawa ya watalii.

Zilizobaki zilibadili sahani. Wengu na kano, ambavyo mgeni huviogopa, vilisogea pembeni. Vikatawala vipande vya mkate vyenye vikolezo juu. Mfano mzuri ni Cantine del Vino già Schiavi, ng'ambo ya mfereji kutoka karakana ya gondola ya San Trovaso, ambako samaki jodari hunyunyiziwa unga wa kakao. Ni jambo la ajabu kulisikia, ila mdomoni linakubalika. Nafasi ya ombra nayo ikanyakuliwa kwa kiasi kikubwa na spritz, mchanganyiko wa mvinyo, soda na kinywaji chungu kama Aperol, iliyoanza kuuzwa Padova mwaka 1919, au Select ya Venice ya mwaka uliofuata.

Cantina Do Mori, iliyo karibu na soko na inayojinasibisha na mwaka 1462, imebadilika kidogo kuliko nyingi. Ina mlango huku na mlango kule, vyungu vya shaba vimening'inia darini, na viti hakuna. Hufunguliwa asubuhi na kufungwa mapema jioni, kwa saa za soko.