Chuma, Tạ na Gunia la Mahindi

Kivietinamu kina neno tạ. Neno hilo hilo ni kipimo cha kilo 100, na pia ni chuma cha mazoezi wanachonyanyua vijana. Mkulima anahesabu mpunga wake kwa tạ. Mwanamichezo naye ananyanyua tạ. Waingereza walikiita kifaa hicho kengele bubu, maana zamani walifanya mazoezi kwa kuvuta kamba kama ya kengele ya kanisani, ila kengele yenyewe haipo.

Sisi tukasema chuma. Kupiga chuma, kubeba vyuma. Tumetazama kitu kimetengenezwa na nini, basi. Hapa Sumbawanga vyuma vingi vya mtaani ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, lakini dogo atakwambia tu anapiga chuma.

Neno lenyewe ni la kale. Waganda wana ekyuma, Wanyarwanda icyuma. Na Ufipa lina haki ya kutamba, kwa sababu chuma kilizaliwa hapa. Mafundi walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Kilichopatikana kilipikwa tena kwenye tanuri dogo, kintengwe, safari hii kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa kuwa jembe. Padri Wyckaert aliandika habari za wafua chuma hao mwaka 1914. Majembe ya dukani yakaja, moto ukazimika.

Lakini mimi nikisikia tạ simfikirii mfua chuma. Namfikiria baba yangu mdogo, aliyekuwa kuli wa mahindi. Gunia la debe sita ni kilo mia na ushei, yaani tạ moja na nyongeza. Likifungwa lumbesa linazidi, na ujira ni ule ule, kwa sababu alilipwa kwa gunia, si kwa kilo. Leo akitaka kuinuka kwenye kiti anashika ukuta kwanza.

Juzi alimkuta mwanangu uani na vyuma vyake.

“Unavipeleka wapi hivyo?”

“Sivipeleki popote, babu.”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza vina kilo ngapi. Kijana akajibu bila kufikiri: arobaini, wiki ijayo ataongeza mbili, asiumie mgongo.

Mzee akanyamaza kidogo. “Mimi hakuna aliyewahi kuniambia nabeba kilo ngapi.”

Lumbesa imepigwa marufuku kisheria, na mizani ipo. Mara nyingi tunaizungumza kama wizi anaofanyiwa mkulima, na ni kweli. Ila kati ya shamba na lori kuna mtu aliyeinama, na kila debe la juu linapita kwenye uti wake wa mgongo. Anayenyanyua kwa hiari anajua uzito wake hadi kilo ya mwisho. Anayenyanyua ili ale, naye aambiwe.