Mizabibu ya Bonde la Mosel

Mkulima akipewa hiari huchagua uwanda. Katika bonde la mto Mosel, magharibi mwa Ujerumani, mizabibu iliyo bora imepandwa genge kwa genge. Huko Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, mteremko hufikia nyuzi 65 hivi. Mwenye kizunguzungu na akae nyumbani.

Sababu ni jua. Nchi ile iko nyuzi 50 hivi kaskazini ya Ikweta, na jua lake hupita chini. Mteremko ulioelekea kusini hulipokea uso kwa uso, na maji ya mto huurudisha mwanga. Ardhi nayo ni vipande vya mawe meusi, jamii ya kile kibao walichoandikia watoto wa shule zamani. Hushika joto mchana na kulitoa usiku. Pasipo hayo, zabibu ya Riesling, ambayo huchelewa kuiva, ingebaki chachu. Mvinyo wake ni mweupe na mwepesi, wenye ukali kama wa tofaa bichi.

Mwaka 1787 mtawala wa Trier, Clemens Wenzeslaus, aliamuru mizabibu hafifu ing'olewe, ipandwe iliyo bora. Kwa maskini amri hiyo ilikuwa nzito, maana mzabibu mchanga hauzai miaka ya mwanzo.

Trekta haiwezi magenge hayo. Watu hupalilia na kuchuma kwa mikono, na mahali pengine hupandishwa na kigari cha reli moja yenye meno. Lakini dukani chupa yao husimama kando ya ile ya uwandani, iliyovunwa kwa mashine kwa gharama ndogo. Hivyo mzee akistaafu, mara nyingi watoto wamekwisha kuhamia mjini. Miiba hulirudia shamba, na ukuta wa mawe ukibomoka hakuna wa kuujenga.