Kosa Tulilolifundisha Kuhusu Ceres



Mwezi uliopita mjukuu wetu wa miaka kumi na mmoja alituletea kazi ya shule iliyohusu asteroidi, yaani yale mawe makubwa kwa madogo yanayolizunguka Jua baina ya Mirihi na Mshtarii. Tukajiweka sawa kitini, kama ilivyo desturi ya mwalimu mstaafu aulizwapo jambo, tukamweleza kwamba mawe hayo ni vipande vya sayari moja kubwa iliyopasuka zamani. Mtoto akanyamaza kwa adabu, kisha akasema: "Babu, kitabu hakisemi hivyo."

Kitabu kilikuwa na haki. Jambo hilo limetukosesha usingizi, kwani maneno yale tuliyafundisha kule Tanga kwa miaka mingi, na baadhi ya waliokuwa wakiyanakili kutoka ubaoni leo ni wazazi wanaolisoma jarida hili.

Basi tukarejea vitabuni. Asteroidi ya kwanza kuonekana ni Ceres. Aliyeiona ni kasisi Giuseppe Piazzi, usiku wa tarehe 1 Januari 1801, mjini Palermo katika kisiwa cha Sicily (mji uliokuwa chini ya Waislamu tangu mwaka 831 hadi 1072, tusisahau). Alikuwa akitengeneza orodha ya nyota, akakuta nukta hafifu katika buruji ya Ng'ombe. Usiku wa pili ilikuwa imesogea, na wa tatu ikasogea tena. Nyota hazisogei hivyo. Piazzi hakukurupuka. Aliitangaza kuwa ni nyota yenye mkia, ijapokuwa mkia hakuuona, na katika barua kwa rafiki yake Oriani ndipo alipodokeza kwamba huenda ni kitu bora zaidi. Aliipima mara 24 hadi tarehe 11 Februari, akaugua; na muda si mrefu ikazama katika mwanga wa Jua.

Vipimo vya siku 41 tu! Wataalamu walikisia itakapotokea, wengi wao wakichukulia kwamba njia yake ni duara, wakaikosa. Ndipo kijana wa Kijerumani wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alipokaa na kalamu na karatasi, akakokotoa duaradufu kutokana na vipimo vile vile. Tarehe 31 Desemba 1801 Franz Xaver von Zach aliiona karibu na pale alipopataja Gauss, na usiku uliofuata Heinrich Olbers naye akaiona.

Ceres iko mbali na Jua kwa wastani wa kilomita milioni 414, mara 2.77 ya umbali wa Dunia, na huchukua miaka 4.6 kumaliza mzunguko mmoja. Njia yake imeinama kwa zaidi ya nyuzi 10 ikilinganishwa na njia ya Dunia. Kipenyo chake ni kama kilomita 940, na tangu mwaka 2006 imepewa pia jina la sayari kibete.

Kosa letu lilianzia kwa Olbers. Mwaka 1802 aliiona asteroidi ya pili, Pallas, umbali wake na Jua ukikaribiana sana na ule wa Ceres, akakisia kwamba zote mbili ni mabaki ya sayari iliyovunjika. Yeye alilisema kama kisio. Sisi tuliliandika ubaoni kama hakika, tukalitungia na swali la mtihani, na aliyejibu vingine tulimnyima alama. Kumbe asteroidi zote za ukanda ule zikijumlishwa hazifikii hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wa Mwezi. Na Ceres peke yake ni takribani theluthi ya jumla hiyo. Sayari haikuwahi kuwapo pale. Mvuto wa Mshtarii uliyavuruga mawe yale yasiweze kushikamana.

Wanafunzi wetu wa zamani wakiulizwa na watoto wao, na waseme hivyo, na wasione haya kueleza kwamba ni mwalimu aliyekosea. Mjukuu wetu sasa anataka kuiona Ceres yenyewe. Kwa macho matupu haionekani, kwa hiyo tumeazima darubini ya mkono kwa jirani, na huu ni usiku wa tisa tunangoja mawingu ya Uingereza yatupishe.