Walienda Dodoma kuonja wine, dada akagoma kunywa

Jumamosi asubuhi jamaa na mchumba wake walipanda SGR kutoka Dar hadi Dodoma, wakakodi gari mpaka Hombolo kwenye mashamba ya zabibu. Selfie kama zote. Mkulima akawaambia zabibu za huku huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Mchana, ugali wa uwele na mlenda. Wine ilipokuja, dada akasukuma glasi yake pembeni.

“Sinywi. Nina mimba ya miezi miwili.”

Jamaa, ambaye siku zote husema mtoto mpaka wajenge, akanyamaza weee. Halafu akairudisha chupa, akaagiza juisi ya zabibu, glasi mbili.

Kwenye treni ya kurudi, dada alilala begani kwake. Kiwanja bado hawajanunua. Wanaume, wangapi mngerudisha chupa?