NANI ANACHUNGA MTOTO WETU?
Safari kutoka soko ya Kenya mpaka magazini kubwa ya mjini



Mwezi huu safari yetu ni fupi. Hatupandi treni, hatuvuki Lualaba. Tunabaki hapa Lubumbashi na tunashika njia ambayo jamaa zote zinaijua: njia ya kwenda kutafuta chakula cha nyumba. Lakini tusiende peke yetu. Tuwachukue na watoto, maana ni juu yao tunataka kusema. Wenzetu wa Likasi na Kolwezi watasoma na kuona kwamba kwao ni vile vile.

TUINGIE KWANZA SOKONI

Soko ya Kenya iko katika komini yenye jina hilo, si katika nchi ya Nairobi, wageni wasikosee. Ukiingia, pua inajua mbele ya macho: kapenta na samaki makavu, mafuta ya mawese, sombe iliyotwangwa asubuhi. Unga unapimwa kwa meka, na kila mama anangojea muuzishaji aongeze kidogo juu. Vijana wa pusu-pusu wanapita na mizigo yao wakipiga kelele: "Njia! Njia!" Usiposogea, shauri yako.

Mtoto anashika kitenge cha mama. Anakanyagwa, anasukumwa, jua linamchoma. Wengi watasema kwamba soko ni mahali pabaya kwa mtoto, na ni kweli kwamba hatari hazikosi. Wezi wako. Petroli ya taa inatiwa katika chupa za limonadi, na mtoto mwenye kiu anaweza kuinua chupa na kunywa.

Hata hivyo, tutazame jambo moja. Mtoto akipotea katikati ya meza, hakawii kuonekana. Mama mmoja anaacha nyanya zake na kumshika mkono: "Weye mutoto wa nani? Unaikalaka wapi? Mama yako anavaa namna gani?" Anamkalisha karibu yake. Habari inapita meza kwa meza, mpaka mama wa mtoto anafika mbio. Na mbele ya kurudishiwa mtoto wake, anapewa maneno: "Mama, uchunge mutoto!"

Juu ya nini soko inaweza kufanya vile? Kwa sababu muuzishaji anakaa mahali pamoja, siku kwa siku, na macho yake hayatoki kwenye njia. Anajua nani ni mgeni. Tena vitu vyake viko chini ya mkono wake. Mtoto hawezi kuchukua embe bila mama yule kumwona. Anajifunza kwamba kitu kinakuja kwa kuomba na kwa kulipa. Anasikia vilevile mama yake akisema, "Bei ni kali, punguza," na hapo anaelewa kwamba feza ina mwisho.

Na mtoto mkubwa kidogo akipotea nje ya soko, anaweza kuinua macho na kutafuta lile bomba refu la moshi la Gécamines, na kando yake kile kilima cheusi cha skori. Ukijua vinakaa upande gani wa nyumba yenu, unajua pa kurudi.

KAMPANI NAYO ILIKUWA NA MACHO

Wazee wetu wanakumbuka namna ingine. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilijenga kambi na kuwapa wafanyakazi wake posho ya chakula. Serikali ilipoichukua mwaka wa 1967, kazi hiyo ilipita mikononi mwa kampani ya taifa, ambayo ndiyo Gécamines. Unga ulijulikana siku yake, na watu wa kambi walijuana. Mtoto wa kambi alikuwa mtoto wa kila mtu, na mara nyingine alipigwa na mama ambaye si wake!

Siku zile zilipita. Mwaka wa 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliacha kazi ya Gécamines katika mpango ule wa kuondoka kwa mapenzi. Kampani mpya za shaba na kobalti zilifika, na kila jamaa inajitafutia chakula chake kwa feza yake. Na pamoja na kampani hizo, mijini mwetu zilizidi magazini kubwa ambazo watu wanaziita supermarshe.

TUINGIE SASA MAGAZINI

Tunaacha Kenya, tunapita Kamalondo, tunafika mjini. Mlango ni wa kioo. Ndani ni baridi na pasafi, na taa zinawaka hata mchana. Vitu vingi vimetoka Afrika ya Kusini na Zambia, vimepita Kasumbalesa katika malori. Hakuna anayekanyaga mtoto, hakuna pusu-pusu. Mama anapumua na kuuacha mkono wa mtoto.

Hapo ndipo hatari inapoanza.

Magazini ya namna hii ilitungwa kusudi muuzishaji asikae mbele ya vitu. Mwaka wa 1916, huko Memphis katika Marekani, bwana Clarence Saunders alifungua magazini yake Piggly Wiggly, ambamo mnunuzi alijichukulia vitu mwenyewe na kulipa mlangoni. Mwaka wa 1937, Sylvan Goldman wa Oklahoma City alitengeneza shario, kile kikapu cha magurudumu, ili watu wasichoke upesi na kununua kidogo. Mwanzoni watu walikataa kuisukuma. Ikabidi alipe watu wazunguke nayo ndani, wengine wawaone na kuwafuata! Kiti cha mtoto kiliongezwa baadaye.

Basi fahamuni: ndani ya nyumba hii kila kitu kinasema "nichukue". Bonbo na biskwiti zinawekwa chini, pale mkono wa mtoto unapofika. Zingine zinangojea karibu na kesi, pale mama amesimama katika mstari na hawezi kukimbia. Mtu mkubwa anashindwa. Mtoto wa miaka 4 atashinda namna gani?

Tena etajeri zote zinafanana. Ni ndefu kupita mtoto, na bomba la moshi halionekani humo. Mtoto akigeuka kona moja tu, mama amepotea. Watu wanaopita hawamjui, na kila mmoja anadhani kwamba wazazi wake wako karibu. Soko ina macho mia. Magazini ina macho ya mama peke yake.

HATARI ZA KUJUA

Ya kwanza ni shario yenyewe. Ni ndefu, nyembamba, na mtoto akisimama ndani yake inapinduka kwa urahisi. Katika Marekani, waganga walihesabu kati ya mwaka wa 1990 na 2011 watoto zaidi ya 24,000 kila mwaka walioletwa hospitali juu ya shario. Wengi walianguka, na wengi waliumia kichwa. Mtoto mdogo akae katika kiti chake, afungwe mkanda kama uko, na mzazi asiiache shario hata hatua 2. Mtoto mkubwa atembee kwa miguu. Shario si gari la mchezo, na mgongo wa bibi mwenye kusimama mbele yenu si ukuta.

Ya pili ni chupa. Javeli, dawa ya panya na dawa ya wadudu zina rangi nzuri kama limonadi. Mtoto asiyejua kusoma anajua rangi tu. Na akipanda etajeri kama anavyopanda mwembe, vitu vizito vitamwangukia.

Ya tatu ni mlango. Mama analipa, anahesabu, anaangalia kama noti ya dola haina kipande kilichopasuka. Kwa dakika ile macho yake yako kwenye feza, na mtoto ameona jua. Nje kuna magari yanayorudi nyuma, na dereva haoni kichwa kilicho chini ya kioo chake. Kwetu kwenye njia ya shaba, kutoka Kolwezi kupita Likasi mpaka Kasumbalesa, kuna tena malori makubwa. Kwa hiyo mshike mtoto mkono mbele ya kulipa, au umwambie ashike shario na asiiachilie mpaka mfike nyumbani au kwenye gari.

YUSUFU NA MARIA PIA WALIDHANI

Mzazi aliyepotewa na mtoto asidharauliwe. Injili ya Luka, sura ya 2, inatuonyesha jamaa takatifu yenyewe katika shida hii. Yesu alikuwa na miaka 12. Wazazi walitoka Yerusalemu na walitembea siku nzima wakidhani kwamba yuko katika msafara, pamoja na ndugu na marafiki. Walimwona nyuma ya siku 3.

Hawakuwa wazazi wabaya. Msafara ule ulikuwa kama soko yetu na kama kambi ya zamani: kila mtu alichunga mtoto wa mwenzake. Walitegemea macho ya wengine, na siku ile macho ya wengine hayakutosha. Je, sisi tunaoingia mahali ambapo hakuna ndugu wala jirani, tutamtegemea nani? Sentineli wa mlangoni? Yeye anachunga vitu. Anatazama fakitire yako na vitu vya mfuko wako. Hakupewa kazi ya kuchunga mtoto wako.

TUFANYE NAMNA GANI?

Kazi inaanza nyumbani. Mpe mtoto chakula mbele ya kutoka, maana mwenye njaa hasikii. Mwambie mnakwenda kununua nini: "Tunaenda kuuza mafuta, sabuni na sukari. Bonbo leo hapana." Kama kuna kitu kimoja kwa ajili yake, kitajeni mbele, na neno lenu lisibadilike kwa sababu ya machozi. Mzazi anayekataa mara 3 na kukubali mara ya 4 anamfundisha mtoto kulia mara 4.

Wala msione haya kusema "Hatuwezi." Wazazi wengi wanaogopa neno hili. Wanasema "Kesho," na kesho haifiki. Mtoto anayedanganywa hivi anajifunza vitu 2: kwamba baba anasema uongo, na kwamba umaskini ni aibu. Heri kumwambia kweli kwa sauti ya upole: "Feza hii ni ya unga na ya masomo yako." Mpe kazi: abebe listi, atafute sabuni, ahesabu pamoja nawe. Mtoto mwenye kazi halii sana.

Afundishwe pia jina lake lote, majina ya wazazi, kartie, avenye, na namba ya telefone. Akipotea, asimame palepale na kuita. Asipoonekana mtu, aende kwenye kesi, kwa yule anayepokea feza, au kwa mama mwenye watoto. Asitoke nje na mtu yeyote, hata akisema, "Kuya, mama yako ananituma." Mama hatumi mgeni.

Na kama nyumbani mnaona biskwiti isiyolipwa katika mfuko wa mtoto? Wengine wanacheka, wengine wanapiga. Msifanye moja wala lingine. Rudini pamoja mpaka kwenye kesi, na mtoto mwenyewe aseme kwa kinywa chake, "Nilichukua bila kulipa." Safari ile ya kurudi ni ndefu na inauma, lakini amri ya "usiibe" itakaa moyoni kupita mahubiri 10. Ni vile vile kwa mzazi anayefungua limonadi na kuinywa njiani, kisha anaficha chupa tupu nyuma ya etajeri. Mtoto amekuona, mama. Amekuona, baba.

Nanyi vijana, mara nyingi ni ninyi mnatumwa pamoja na muloko wenu. Usimwache mlangoni eti utarudi upesi. Usimtume kuchukua usichothubutu kuchukua wewe. Kwake wewe ni yaya, na siku ile macho ya jamaa nzima ni macho yako.

Na sisi wakristo wote, tukimwona mtoto peke yake kati ya etajeri, tusipite tukidhani. Tuiname, tumwulize kama bamama wa soko ya Kenya wanavyouliza: "Weye mutoto wa nani?" Magazini inaweza kuwa na kioo na baridi, lakini hakuna amri inayotukataza kuleta humo macho ya soko.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Mtoto wetu mdogo anajua kutaja jina la avenye yetu? Tumwulize leo.
2. Tukipotezana sokoni au magazini, tumepatana kila mtu afanye nini?
3. Mara ya mwisho tulisema "Kesho" kwa mtoto, tulitimiza?
4. Vijana: mlipotumwa na muloko wenu, mlimchunga namna gani?