Vibanda vya Ndundu, Njia ya Ngarambe

Zamani, aliyeshika safari ya Ngarambe kutoka Dar es Salaam hakuwa na budi kungoja pantoni Ndundu, ukingoni mwa mto Rufiji. Kungoja huko ndiko kulikozaa vibanda vya wali, samaki na chai. Watu wasiojuana walinawa, wakasema Bismillahi, wakala sinia moja.

Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa. Hiyo ni neema, kwani mafuriko ya masika yalikuwa yakimzuia hata mgonjwa. Lakini mabasi yalipoacha kungoja, vibanda vilikosa wateja.

Daraja halina lawama. Kurani Tukufu imemtaja msafiri miongoni mwa wenye haki. Basi, ndugu msomaji, ukishuka Ikwiriri kabla ya kuvuka, nunua chakula, umkaribishe aliyeketi kando yako.