Kivuli cha Alasiri

Bibi aliyenilea Ngamiani, Tanga, hakuwa na saa ya mkononi. Alikuwa na ufito wa mkoko uliomfika kiunoni, kausimika uani palipo wazi. Kivuli kikirefuka hadi kulingana na ufito wenyewe, ukiongeza kile kipande kidogo kinachobaki adhuhuri, alikwenda kutia udhu: alasiri imeingia. Mimi nikidhani ufito ule ni wa swala tu. Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi, ndipo nilipouona ukifanya kazi nyingine.

Masika ya mwaka huo yaliuangusha mkungu uliokuwa mbele ya nyumba. Baraza letu lilitazama magharibi, na bila ule mti, kuanzia saa nane mchana halikuwa likikalika. Saruji ilikuwa inaunguza. Wazee wa bao wakahamia kwa jirani. Bibi aliliona hilo kama fedheha ya nyumba nzima. Siku moja akaung'oa ufito uani, akausimika mbele ya baraza, akaniita: "Haya, mume wangu, lete kigae." Tukakaa kungoja. Alasiri ilipoingia nikachora mstari kwenye mchanga pale kivuli kilipoishia. Kumbe alikuwa akitaka nione jambo: saa hiyo kila kilichosimama kina kivuli cha kama kimo chake. Mkungu uliokomaa mtaani kwetu ulikuwa na kimo cha kama hatua zangu kumi na mbili. Basi ukipandwa hatua kumi na mbili kutoka barazani, ni ncha tu itakayogusa. Ukipandwa hatua mbili, mizizi itabisha hodi msingini. Shimo likachimbwa hatua sita.

Halafu akaongeza neno ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Wakati wa kusi jua huwa limekwenda kaskazini, kivuli kikalalia kusini. Wakati wa kaskazi kinageuka. Kwa hiyo mti ukae kati kwa kati, watu wa pande zote mbili za baraza wapate haki yao.

Uani nako kila mti ulikuwa na sababu yake. Mlimau ulikuwa pale yanapomwagwa maji ya vyombo. Mpapai ulikaa pembeni, maana haudumu na hauna hasira na ukuta. Mwembe aliukataa kabisa, ingawa sisi watoto tulilia tupandiwe dodo. Jirani alikuwa nao, na kila msimu tukisikia maembe yakipiga bati usiku kama mtu anayerusha mawe. "Mwembe ni mti wa shamba," alisema, "uani ni mgeni asiyejua kuaga." Na nyuma ya bafu, penye unyevu na kivuli, kulikuwa na mkilua. Ni mti mdogo, unaweza kuupita mara mia usiuone, ila pua itauona. Vilua vyake bibi alivichanganya na rehani na asumini kutengeneza vikuba, au akavitia ndani ya mkunjo wa kanga sandukuni. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka 1970 wanasayansi wa mimea waliipa jenasi yake jina la Mkilua, neno letu hilihili, bila kuligeuza Kilatini. Bibi nadhani angeuliza tu walitegemea kuuita nani.

Mwaka 2005 nikajenga Goba, Dar es Salaam. Kiwanja kilikuwa na mikorosho miwili na mzambarau. Fundi aliniambia itamsumbua wakati wa kumwaga tofali na mchanga, nami nikamruhusu akate yote kwa siku moja. Nakumbuka nilifurahi kuona kiwanja "kimesafishika."

Nyumba ilipokwisha nilikwenda kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo, nikachagua miti kama mtu anavyochagua viti vya sebuleni: kwa sura. Yote ilikuwa kwenye viriba, yote ilinifika gotini, na mti wa kimo cha goti hauna kosa hata moja. Nikarudi na miashoki kumi na minne ya kupanga kwenye uzio wa mbele, mifikasi minne, na mkrismasi mmoja kwa sababu ya maua yake mekundu ya Desemba. Mkrismasi nikaupanda mbele ya mlango, mita mbili na nusu kutoka ukutani, ili wageni wauone. Mifikasi ikaenda nyuma, kwenye nafasi iliyobaki. Nafasi iliyobaki ilikuwa juu ya bomba la maji machafu.

Miaka sita ya kwanza nilijisifu. Kisha choo kikaanza kurudisha maji. Fundi bomba akafungua chemba, akaingiza mkono mpaka begani, akavuta taratibu, na kikatoka kitu kama msuko wa nywele: kahawia, laini, kinachuruzika, kirefu kuliko yeye mwenyewe. Ilikuwa mizizi ya fikasi, imeingia kwenye kiungo cha bomba kama uzi na humo ndani ikanenepa. Akaitandaza kwenye pevingi tuitazame wote, mimi, mke wangu na watoto. "Baba Nuru," mke wangu akasema, "ndiyo ile miti uliyoinunua kwa bei ya ofa?"

Mkrismasi ulitoa mapanga ya mizizi juu ya ardhi na kuinua kibaraza cha mlangoni. Si kosa la mti. Asili yake ni Madagaska, na ni mti wa kutanuka ukipewa uwanja. Miashoki yenyewe haikuvunja kitu. Ilirefuka ikafika kwenye nyaya, watu wa umeme wakaja wakaikata vichwa, ikabaki kama mafagio yaliyogeuzwa. Na ingekuwa hata mirefu mara mbili, kivuli cha mti mwembamba vile kinamtosha paka. Wakati huohuo chumba cha Nuru, dirisha likitazama magharibi, kilikuwa tanuri. Jua la saa tisa liliupiga ukuta, na ukuta wa tofali za saruji hutunza joto hadi usiku wa manane. Tukafunga kiyoyozi. Bili ya umeme ndiyo iliyonikumbusha Ngamiani.

Mwaka 2017 nikakata mifikasi na mkrismasi. Kabla ya kupanda tena nilikwenda mara kadhaa katika Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, ile ya Barabara ya Samora iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Huko miti imezeeka. Nilitembea nikitazama chini, mizizi imefika wapi, halafu juu, matawi yamefika wapi. Nikajiona mjinga kwa kununua miti bila kuwahi kuutazama hata mmoja ukiwa mzima.

Kisha nikatafuta ufito. Majirani waliniona Jumamosi alasiri nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, nangoja kivuli, nimeshika chaki. Mmoja aliuliza kama napimiwa kaburi. Nikapata mahali, mita sita kutoka dirisha la Nuru, mbali na chemba na mbali na nyaya, na hapo nikapanda, naomba radhi kwa bibi, mwembe. Ila ni mche wa kubebesha, usiokua mrefu kama ule uliotoka kwenye kokwa, na napunguza matawi kila baada ya mavuno. Mstafeli uko upande wa jikoni. Mkilua ulinichukua miaka miwili kuupata; kwenye vitalu waliniuliza kama ni aina ya ashoki. Mche nilipewa Tanga, nikausafirisha kwa basi, nimeupakata miguuni. Uko nyuma ya bafu.

Msimu huu wa kusi kivuli cha mwembe kimefika juu ya dirisha saa kumi kasoro, na kiyoyozi hatukiwashi. Chumba chenyewe hakina mtu, Nuru ameolewa Dodoma. Alikuja Desemba akalala humo usiku mmoja, asubuhi akatoka macho mekundu, akalalamika kwamba popo walikula maembe usiku kucha na kuangusha makokwa juu ya bati.